Sentensi Isiyo na Mtenda
Neno ajali asili yake ni Kiarabu, ambamo ajal ni muda uliokadiriwa. Ndiyo maana twasema "ajali haina kinga," na "gari liliacha njia," kana kwamba usukani haukuwa na mikono. Binamu yangu alipogongwa katika kivuko cha waenda kwa miguu, akavunjika nyonga, jamaa walinisihi nimwachie Mungu. Sikuridhia. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, ya mwaka 1973, humtaka dereva asimame baada ya ajali na kutoa taarifa polisi; nayo hati ya mashtaka huandika jina la mtu, si la gari. Kadari ni ya Mola. Mwendo ni wa dereva. Basi sarufi yetu nayo imtaje.