Kaburi la Haji Ali na Swali la Sahibu Yangu



Imepokewa kwamba Sayyidna Umar, Allah amridhie, alimsikia mtu akimsifu mwenziwe, akamwuliza mambo matatu. Je, ni jirani yake? Je, wameamiliana kwa fedha? Je, wamesafiri pamoja? Yule mtu alipojibu kuwa hapana, Sayyidna Umar akamwambia kuwa basi hamjui. Habari hii nimeisomesha madrasani kwa miaka mingi. Mwaka jana nilisomeshwa mimi, katika barabara za Marekani.

Mimi na sahibu yangu tulisoma chuo kimoja hapa Mombasa, tukakalia jamvi moja na kuchapwa bakora moja. Yapata miaka 25 iliyopita aliondoka, na leo ni dereva wa malori katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio. Nilialikwa huko kusalisha tarawehe, na baada ya sala ya Idi alinishika mkono akaniambia, "Maalim, binti yangu amejifungua Los Angeles. Twende kwa gari, yakhe, uione nchi. Ndege humfikisha mtu, haimsafirishi." Kwa njia aliyoichagua, mwendo ulikuwa zaidi ya kilomita 4,000, yaani kiasi cha mara nane ya kutoka Mombasa hadi Nairobi.

Nilikubali, lakini sina budi kukiri kuwa moyoni nilikuwa na kinyongo. Mama yake alipofariki, miaka 14 nyuma, mimi ndiye niliyemsalia. Naye, mwana wake wa pekee, hakuja mazikoni wala hitimani. Nilijiambia kuwa dunia imemmeza. Tangu siku ile simu zangu kwake zikawa za salamu tu, na hakuna aliyejua sababu ila mimi na Mola wangu.

Siku ya pili tulifika Cedar Rapids, katika jimbo la Iowa, nchi ya mashamba ya mahindi. Kati ya nyumba za watu upo msikiti mdogo wa mbao, wenye kuba dogo mbele yake. Uliinuliwa mwaka 1934 na wahamiaji waliotoka nchi za Shamu, na leo huitwa Msikiti Mama wa Amerika. Mwaka 1971 jamaa walihamia msikiti mkubwa zaidi, na jengo hili likaangukia mikononi mwa wengine, hata Waislamu walipolinunua tena mwaka 1990 na kulitengeneza. Mafuriko ya mwaka 2008 yaliingia chumba cha chini, lakini jengo lingali limesimama. Tulisali rakaa mbili. Sahibu yangu akapapasa ukuta, akasema, "Watu hawa hawakujua kama wajukuu wao watasali. Walijenga tu." Sikumjibu, ila maneno yale yalinikaa.

Siku ya tatu tulikata jimbo la Nebraska. Nchi ile ni tambarare hata jicho hukosa pa kutua. Wakati wa adhuhuri alisimamisha gari kwenye kituo cha kupumzikia wasafiri, kilichojaa malori na watu. Akatia udhu, akatandika mswala kwenye majani, akaelekea kaskazini-mashariki. Sisi wa Mombasa kibla chetu ni kaskazini, kwa kuwa Makka iko karibu sawasawa juu yetu. Kule, kwa sababu ya mviringo wa dunia, njia fupi ya kuifikia Makka hupitia kaskazini-mashariki.

Mimi nilibaki garini. Nilimwambia kuwa msafiri ana ruhusa ya kuchelewesha adhuhuri akaijumuisha na alasiri, na fat'wa hiyo ni sahihi. Lakini haikuwa fikihi iliyonizuia. Niliona haya. Niliogopa macho ya watu wale, mimi ninayewafundisha watoto kuwa ardhi yote imefanywa msikiti. Mtu niliyemdhania kuwa amemezwa na dunia alikuwa amesimama mbele ya Mola wake kwenye upepo mkali, naye sheikh wake amejificha nyuma ya kioo. Nilistaghfiru, nikateremka, nikasimama kuliani kwake. Bwana mmoja alipita na mbwa wake, akatuzunguka kwa mbali ili asitukate, akaenda zake. Hakuna mwingine aliyetujali.

Baada ya Denver tuligeukia kusini, tukaingia jimbo la New Mexico, kisha tukashika barabara ya magharibi kuelekea Arizona. Huko alinisimulia habari iliyonishangaza. Katika miaka ya 1850 jeshi la Marekani lilinunua ngamia kutoka nchi za Mashariki ili wabebe mizigo katika jangwa hilo, na pamoja nao wakaletwa wachungaji wao. Mwaka 1857 ngamia hao walikuwa katika msafara uliopima njia kupitia Arizona, na barabara kuu tuliyokuwa tukiipita huifuata njia ile kwa sehemu kubwa. Mmoja wa wachungaji aliitwa Haji Ali. Wamarekani hawakuweza kulitamka jina lake, wakamwita Hi Jolly. Mpango wa ngamia ulikufa, wenyewe wakauzwa au wakaachwa jangwani. Haji Ali hakurudi kwao. Alifariki mwaka 1902 na kuzikwa Quartzsite, mji mdogo ulio karibu na mpaka wa California.

Tulifika kaburini jua likiinama. Limejengewa piramidi ya mawe, na juu yake pana sanamu ya ngamia wa shaba. Si ada yetu kujenga namna hiyo juu ya kaburi, lakini ndivyo watu wa huko walivyoona kumuenzi. Tulimwombea dua. Kisha sahibu yangu akaniuliza, bila kunitazama, "Maalim, ni nani aliyeshuka kaburini mahali pangu?"

Nilimwelewa. Kwa miaka 14 hakuna aliyemsimulia mazishi ya mama yake. Wengine walidhani amekwisha jua. Mimi nilimnyima kwa kinyongo. Ndipo aliponieleza kuwa wakati ule kesi yake ya ukaazi ilikuwa haijaamuliwa. Angetoka, asingeruhusiwa kurudi kwa mkewe na watoto wake wadogo. Usiku wa msiba aliendesha lori hadi asubuhi, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kulia naye.

Tukakaa chini kwenye changarawe, nikamsimulia yote. Nilimwambia kuwa shangazi yake na wanawake wa mtaa walimwosha mama, na kwamba msikiti ulijaa hata watu wakasali nje. Walioshuka kaburini ni mjomba wake na binamu yake. Nikamwambia kuwa nilisoma talakini, na kwamba mvua ya rasharasha ilinyesha tukiwa tunarudi. Alilia kama mtoto. Nami nikamwomba anisamehe dhana yangu. Akasema, "Ulimsalia mama yangu, yakhe. Nikusamehe nini tena?" Kesho yake tulifika Los Angeles, tukampakata mjukuu.

Ndugu zangu, na hasa nyinyi mama zetu na dada zetu ambao ndio wenye kuhifadhi habari za nyumba, hakuna familia hapa pwani isiyokuwa na mtu ghaibuni. Atakapofiwa naye yuko mbali, msimtumie picha ya kaburi mkanyamaza. Mpigieni simu, mmweleze kila kitu: nani aliosha, nani alibeba, mama alisema nini mwisho wake. Hiyo nayo ni haki yake katika jeneza. Na kabla hamjamhukumu kwa kutokuja, muulizeni kilichomzuia.

Mwenyezi Mungu awarehemu marehemu wetu, awahifadhi wasafiri wetu, na atusafishe nyoyo. Amin.