Kiganja Nyuma ya Bomba

Ufundi wa kutuliza mlio wa pikipiki, ambao umemlisha mwandishi wa kurasa hizi kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi jijini Dar es Salaam, ulianza kwake kama kazi ya kufuta kazi, kwa kuwa mabomba mengi ya kwanza aliyoyatuliza alikuwa ameyafungua kwa mikono yake mwenyewe. Jambo hilo linatangulizwa ili msomaji asije akamdhania kuwa mtetezi wa utulivu tangu ujana. Bomba linalozungumzwa ni ekzosi, yaani njia ya chuma inayoutoa moshi kwenye injini na kuupeleka nyuma ya pikipiki, na ile sehemu yake ya mwisho iliyonenepa ni sailensa, ambayo ndani yake mna visahani vya bati vilivyochomelewa kimoja baada ya kingine, vikiunganishwa na mirija mifupi inayoulazimisha moshi kupinda mara kadhaa kabla ya kutoka. Visahani hivyo hapa vitaitwa vizingiti. Wateja wake wa kwanza waliviita utumbo, na hawakuona haya kuomba pikipiki ipasuliwe utumbo wake siku ileile iliponunuliwa.

Mwandishi alijifunza kuchomelea katika chuo cha VETA Chang'ombe, kisha akaenda Gerezani, mahali ambapo chuma chakavu na mafundi wamezoeana kwa muda mrefu, na alikuwa bado mgeni katika karakana pale pikipiki za abiria, zilizoruhusiwa kisheria na kuwekewa kanuni mwaka 2010, zilipoujaza mji. Vijana waliokuja na Boxer na TVS walitaka mambo mawili: nguvu na kusikika. Kuhusu kusikika walikuwa na hoja, kwamba dereva wa lori asiyekuona angalau akusikie, ingawa mlio wa ekzosi huelekea nyuma zaidi kuliko mbele na lori linalomtisha mwendesha bodaboda mara nyingi liko mbele yake. Kuhusu nguvu walikosea, na fundi wao alikosea pamoja nao kwa miaka kadhaa, akilipwa.

Kosa lao hueleweka kwa kuitazama injini yenyewe. Pikipiki hizo kwa kawaida zina silinda moja ya sentimita za ujazo 100 hadi 150, nayo hufanya kazi kwa mapigo manne, yaani kuvuta mchanganyiko wa hewa na petroli, kuugandamiza, kuuchoma na kutoa moshi, hivyo valvu ya moshi hufunguka mara moja katika kila mizunguko miwili ya kranki. Inapofunguka, gesi iliyomo bado ina kanieneo, au msukumo, mkubwa kuliko wa hewa ya nje, basi hutoka kwa kishindo. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, vishindo hivyo huwa 50 kwa sekunde, na sikio haliwezi tena kuvihesabu bali huvisikia kama mngurumo mmoja. Gesi na sauti ni wasafiri wawili wa njia moja, wa kwanza akitakiwa atoke upesi na wa pili achoshwe njiani, na fundi asiyewatofautisha humfungulia mmoja akamfungulia na mwenzake, au humzuia mmoja akawazuia wote. Kung'oa vizingiti hubadili pia hesabu ya kabureta, iliyopangwa kiwandani kwa bomba lenye kizuizi fulani, hivyo mchanganyiko unaweza kupungukiwa petroli, injini ikapata joto kupita kiasi, na ile milipuko ya bunduki inayosikika dereva anapoachia mafuta, ambayo vijana waliichukua kuwa dalili ya nguvu, aghalabu ni petroli isiyoungua silindani inayoungulia ndani ya bomba.

Inafaa kukumbuka kando kidogo kwamba Hiram Percy Maxim, Mmarekani aliyejipatia hataza ya kizuia mlio cha bunduki mwaka 1909 na ambaye fikra hiyohiyo aliitumia pia katika mabomba ya injini, alikuwa mtoto wa Hiram Maxim, mbunifu wa bunduki ya rashasha ambayo majeshi ya Wajerumani yaliitumia katika nchi hii wakati wa vita vya Majimaji. Baba alileta kelele. Mwana akatafuta namna ya kuipunguza.

Askari wa usalama barabarani walipoanza kukamata pikipiki zenye mlio mkali, wateja walirudi Gerezani, na ukweli unataka isemwe kwamba aliyewapokea alisukumwa na soko, si na dhamiri. Jaribio lake la kwanza lilikuwa la kitoto: alichomelea mdomoni mwa sailensa kisahani chenye tundu moja la milimita 10, mlio ukafa, na nguvu ikafa nao. Pikipiki moja ilirudishwa baada ya kushindwa kupanda na abiria wawili barabara ya Morogoro kuelekea Kimara, shingo ya bomba ikiwa imegeuka rangi ya buluu kwa joto, kwa kuwa moshi uliokosa pa kutokea hubaki silindani na kuchukua nafasi ya hewa safi. Gharama ya valvu iliyoharibiwa na joto hilo ilitoka mfukoni mwa fundi.

Kutokana na hasara hiyo alijifunza kuanza na hesabu kabla ya kuwasha grenda. Mrija wa kati wenye upana wa ndani wa milimita 25 una eneo la milimita za mraba 491 hivi, na tundu moja la milimita 3 linalotobolewa ubavuni mwake lina eneo la milimita za mraba 7 hivi, basi matundu yakipungua 70 mrija huo tayari unamkaba msafiri wa kwanza. Yeye hutoboa 90 au zaidi, akijua kwamba masizi yatayaziba baadhi. Mwisho wa mrija huo huzibwa ili gesi ilazimike kutokea ubavuni, iingie chumba cha kwanza, ivuke kizingiti kwa mirija isiyotazamana na ule wa kwanza, ndipo itoke. Kati ya mrija na ganda hufungwa tabaka la pamba ya chuma, kisha pamba ya kioo, ambayo peke yake hupeperushwa na moshi na kuonekana ikitoka nyuma kama manyoya ya kuku. Pamba hula sauti kali, zile zinazochoma sikio, lakini kwa mngurumo wa chini haifui dafu, na sababu yake ni urefu wa wimbi: katika gesi ya nyuzi 400 za Selsiasi sauti husafiri takriban mita 520 kwa sekunde, hivyo wimbi la vishindo 50 kwa sekunde lina urefu wa zaidi ya mita 10, na hakuna sailensa ya nusu mita inayoweza kulimeza lote. Fundi mkweli humwahidi mteja kuondoa ukali, na mngurumo humwambia wazi kwamba utapungua tu.

Adui mwingine wa kazi hii ni maji. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa mvuke unaokaribia lita moja ya maji, na pikipiki ya safari fupifupi haipati joto la kuukausha, hivyo bati huoza kutoka ndani, hasa katika mji wenye hewa ya chumvi. Viwanda huacha kitundu kidogo chini ya sailensa ili maji yachuruzike, na si mara moja mwandishi amekuta fundi mwenzake amekiziba akidhani ni kasoro.

Kuhusu kupima, alianza kutumia programu ya simu, akiiweka nusu mita kutoka mdomo wa bomba kwa pembe ya nyuzi 45, kama kiwango cha kimataifa cha ISO 5130 kinavyoelekeza kwa chombo kilichosimama, ingawa simu isiyosawazishwa hufaa tu kulinganisha kabla na baada, na tofauti ya desibeli 10 ndiyo ambayo sikio huipokea kama nusu ya mlio. Sikio lake lenyewe haliaminiki tena. Kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, muda ukikatwa nusu kwa kila nyongeza ya desibeli 3, maana yake desibeli 100, ambazo grenda huzifikia bila taabu, zingestahili dakika 15 tu kwa siku, ilhali yeye alishinda nayo kutwa bila kuziba masikio. Mlio wa simu ya binti yake haumfikii akiwa chumba cha pili, na sauti nyembamba za bomba, ambazo ndizo hasa analipwa kuziondoa, husikilizwa kwa niaba yake na kijana anayejifunza kwake, ambaye amelazimishwa kuvaa viziba masikio na hulalamika kwamba vinawasha.

Hata hivyo hukumu ya mwisho haijaachiwa simu wala kijana. Injini ikiwa katika mzunguko wa kupumzika, karibu mara 1,400 kwa dakika, vishindo huwa kama 12 kwa sekunde, na fundi hukiweka kiganja shubiri moja nyuma ya mdomo wa bomba kabla halijapata moto. Kila kishindo kikikipiga kiganja peke yake, kama mtu anayebisha hodi kwa papara, sailensa hukatwa upya. Zikija pumzi zilizoungana, laini na zenye joto sawa, humwashiria kijana kwa kichwa alete bolti za kufungia.