Njia za Wabeba Maziwa

Barabara za zamani za Kiambu ya juu zilifuata migongo ya vilima. Vijito vinashuka kuelekea kusini-mashariki, na kati ya kijito na kijito kuna mgongo mrefu. Juu ya mgongo huo ndipo ilipopita njia ya murram, nyekundu, chai upande huu na chai upande ule. Anayeufuata mgongo huenda mwendo wa pole, pumzi zikimtosha hata kuzungumza. Anayekata mabonde hushuka kwa hofu na kupanda akisukuma. Wabeba maziwa walilijua jambo hili miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuja na ramani ya simu.

Baba yangu alikuwa mmoja wao. Katika miaka ya 1980 alikuwa na Black Mamba, ile baiskeli nyeusi ya chuma isiyo na gia, yenye breki za fito na keria pana nyuma. Saa kumi na moja alfajiri, ukungu wa Limuru ukiwa haujainuka, alifunga mikebe ya maziwa kwa mipira ya tyubu kuukuu na kuondoka kuelekea kituo cha kupokelea maziwa. Alirudi na unga au mafuta ya taa. Msimu wa kabichi ukifika alipanda hadi Kinale, akarudi na magunia yaliyomzidi kimo. Sikuwahi kumwona akipanda baiskeli ile bila mzigo, isipokuwa mzigo wenyewe ulipokuwa mimi.

Nikiwa nimekaa kwenye bomba la mbele, nilifundishwa kuisoma murram. Kokoto hujikusanya kingoni na katikati ya barabara, kwa hiyo shika mfuo uliokandamizwa na magurudumu. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Mvua ikinyesha, udongo ule mwekundu huteleza kabla haujalowa vizuri, basi usishike breki ya mbele. Siku hizi wapo wanaolipia mafunzo ya namna hiyo. Tairi la Black Mamba lilikuwa na upana wa inchi moja na nusu, yaani karibu milimita 38. Baiskeli nyingi za murram zinazouzwa leo kwa bei ya ng'ombe kadhaa zina tairi la upana wa karibu huo huo, milimita 40 hivi. Zimepungua uzito, zimepata gia na breki za diski, lakini swali la upana wa tairi wazee wetu walikuwa wamelijibu.

Msituni hatukuingia kwa baiskeli. Kereita palikuwa pa kuni na malisho, na mtu aliingia akiwa na sababu. Karura, huko chini karibu na jiji, paliogopwa kabisa. Mama zetu walitukataza hata kupita kando yake jioni. Halafu msitu huo nusura upotee. Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa watu binafsi wajenge. Mtetezi wa mazingira Wangari Maathai na wenzake wakaenda kupanda miche huko, na Januari 1999 walipigwa hadi yeye akavuja damu kichwani. Kila mtu anayeendesha baiskeli Karura leo anapita juu ya deni hilo, na ningependa alijue.

Miaka hiyo hiyo, kijana mwenye baiskeli isiyo na mzigo alihesabiwa kuwa mzembe. Waliotubadilisha macho ni mwendesha baiskeli David Kinjah na vijana wake wa Safari Simbaz, kutoka Kikuyu. Walipita kwa msururu, wamevaa nguo za kubana, wakapanda hadi ukingo wa Bonde la Ufa na kurudi bila kubeba hata kabichi moja. Kati ya vijana aliowalea alikuwamo Mzungu mwembamba mzaliwa wa Nairobi, Chris Froome, ambaye mwaka 2013 alishinda Tour de France. Kwetu habari hiyo ilikuwa na maana ya pekee: miguu iliyoshinda Ufaransa ilikuwa imefunzwa kwenye vilima vyetu.

Lakini wakati huo baiskeli zenyewe zilikuwa zimetoweka. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo, na kwa muda mfupi maziwa, kabichi, wagonjwa na wanafunzi wote wakahamia juu ya boda boda. Siilaumu pikipiki. Ilimpunguzia baba maumivu ya mgongo, na mjamzito wa kijijini kwetu alifika hospitalini usiku. Hata hivyo Black Mamba ikatundikwa stoo, na fundi wetu wa baiskeli akageukia kuziba pancha za pikipiki. Watoto waliozaliwa baada ya hapo wengi hawakujifunza kuendesha.

Kurudi kwa baiskeli kulianzia Karura. Shirika la Huduma za Misitu na chama cha Friends of Karura walizungushia msitu ua wa umeme, wakaajiri walinzi kutoka mitaa ya jirani, na mwaka 2011 watu wakaanza kuingia bila hofu. Njia za udongo zikapewa alama zenye namba kwenye njia panda, na baiskeli za kukodi zikapangwa langoni. Jamaa za Nairobi wakaleta watoto. Waliozoea Karura wakatamani kwenda mbali zaidi, wakatufikia: Tigoni, kisha Limuru, kisha Uplands, hadi Kereita, ambako chai inaisha ghafla na miti ya asili inaanza, mbega wakiruka juu ya barabara. Safari hiyo, kwa anayeshika migongo ya vilima, ni laini kuliko watu wanavyodhani. Mimi huipenda zaidi mwezi wa Julai, baridi ikiwa kali na vumbi limelala.

Mara moja mzee aliyekuwa akipalilia viazi karibu na Uplands alinisimamisha.

"Umebeba nini, mwanangu?"

"Sijabeba kitu, mzee. Natembea tu."

Aliitazama keria isiyokuwapo, akanipa mkono, akaniombea safari njema. Nilimwona baba yangu katika uso ule.

Mwaka 2021 mashindano ya baiskeli ya Migration Gravel Race yalianza Maasai Mara, na dunia ikajua kwamba murram ya Kenya ni uwanja. Nyuma yake ilikuwapo timu ya baiskeli ya Team Amani na nahodha wake Suleiman Kangangi wa Eldoret, aliyeamini kwamba kijana wa Afrika Mashariki ataifikia dunia kupitia murram kabla ya lami. Tarehe 27 Agosti 2022 alianguka mashindanoni Vermont, Marekani, akafariki akiwa na miaka 33. Nadhani alikuwa sahihi, na kazi yake haijaisha.

Kinachonitia wasiwasi sasa ni kasi. Barabara nyingi za vijijini zimewekwa lami nyembamba. Mkulima anastahili lami hiyo, kwani majani ya chai hayasubiri tope likauke. Lakini hazikuachiwa ukingo wa baiskeli, na matatu hupita hapo kwa mwendo ambao mtoto hawezi kuukwepa. Basi naiomba kaunti iache mita moja ya murram kandokando kila inapotandaza lami. Navisihi pia vyama vya jamii vinavyosimamia misitu pamoja na serikali vifungue barabara za ndani ya Kereita kwa watoto wa hapa kwa ada wanayoiweza, si kwa wageni peke yao.

Nawe unayekuja na baiskeli kutoka jijini: lipa kiingilio cha msitu, punguza mwendo mbele ya wachuma chai, amkia wazee kwanza, na chai yako uinywe kwenye kibanda cha mama wa Kimende, usiibebe kutoka Nairobi.