Thorong La, Nusu ya Safari

Sisi tuliokulia Moshi tunaupima mlima kwa kilele chake. Mgeni akishuka hatumuulizi msitu ulikuwaje wala kule Shira alilalaje. Swali ni moja: umefika? Akijibu kwamba amefika Uhuru, mita 5,895, mikono inapeanwa. Akisema aliishia Stella Point, anapewa pole. Kwa fikra hizo niliongoza watu Kilimanjaro, mpaka Novemba 2013 nilipovuka Thorong La, nchini Nepal.

Nilikwenda na marafiki: mwenzangu wa kazi kutoka Marangu, dada mmoja wa Arusha ambaye ni muuguzi, na jamaa wa Nairobi aliyeanza kuwa mteja wetu kisha akawa ndugu. Tulichanga kidogo kidogo hadi nauli ikatimia. Kiongozi wetu alikuwa mtu mzima, mzaliwa wa milima ileile. Tulimwita Dai, kama wenyeji wanavyomwita kaka mkubwa, naye akatuchukulia kama wadogo zake.

Thorong La si kilele. Ni kipito chenye mwinuko wa mita 5,416, kwenye njia inayoizunguka safu ya Annapurna. Huku kuna bonde la Manang, kule kuna Muktinath na nchi kavu ya Mustang. Wageni walianza kuruhusiwa Manang mwaka 1977, lakini wenyeji walikuwa wakipita hapo vizazi na vizazi, na mifugo yao, na mizigo yao, wengine wakienda kuhiji. Bonde la Kali Gandaki, lililoko ng'ambo, ndiko chumvi ya Tibet ilikoteremshwa kubadilishwa na nafaka. Dai aliponisimulia haya nilimuuliza wazee wake walipofika juu walikuwa wakikaa muda gani. Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Wakae wafanye nini?" akasema. "Walikuwa wanakwenda ng'ambo."

Manang tulipumzika ili miili izoee hewa. Pale kuna zahanati ya Himalayan Rescue Association, shirika lililoanzishwa mwaka 1973, ambako madaktari wa kujitolea huwaeleza wapita njia dalili za ugonjwa wa mwinuko: kichwa kinachouma bila kutulia, kichefuchefu, kuyumba kama mlevi, kifua kinachokoroma. Mimi na mwenzangu tulizijua zote, maana ndiyo kazi yetu. Muuguzi wetu ndiye aliyeandika, ukurasa baada ya ukurasa.

Usiku wa kuvuka tulilala Thorong Phedi, kwenye mita 4,450 hivi, tukatoka saa kumi alfajiri. Kilimanjaro nasi huondoka usiku, ila shabaha yetu ni jua kuchomoza tukiwa ukingoni mwa kasoko. Thorong La haraka ni ya upepo. Asubuhi ikikomaa upepo hushika kipito, na anayechelewa hukutana nao akiwa amechoka. Tulipanda kwa kupindapinda, mlolongo wa tochi za vichwani juu yetu na mwingine chini yetu, hadi High Camp, ambako tulikunywa chai tukiwa tumesimama. Maji kwenye chupa yalikuwa yameanza kuganda mdomoni.

Kulipopambazuka nikawaona vizuri wapagazi. Wetu hubeba kichwani au mabegani. Wao mzigo unakaa mgongoni, unashikiliwa na mkanda mpana unaopita kwenye paji la uso, na shingo ndiyo inayofanya kazi. Jamaa wa Nairobi alisimama kumtazama mmoja wao akipita, akasema hivyo ndivyo bibi yake alivyobeba kuni huko Nyeri, na kwamba alama ya kamba ilibaki kwenye paji la uso wake mpaka anazikwa. Baada ya hapo hakusema kitu kwa muda mrefu.

Kimya kile kilimtia muuguzi wasiwasi. Akamfuata, akamwambia ahesabu kurudi nyuma kutoka mia, akipunguza saba kila mara. "Tisini na tatu. Themanini na sita. Sabini na tisa. Sasa dada, mimi ni mhasibu, unanitania?" Dada akacheka, akampa kipande cha chokoleti, tukaendelea. Nimewahi kuona vipimo vingi vya ubongo mlimani. Kile cha hasira ya mhasibu nakiamini hadi leo.

Njia ile inachosha kwa sababu haionyeshi mwisho. Unaona ukingo, unaufikia, nyuma yake kuna mwingine. Hewa ya pale ina msukumo unaokaribia nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi huleta oksijeni karibu nusu tu ya ile ambayo mwili umeizoea. Hatua moja, pumzi moja. Saa tatu na ushee tukaona rundo la vibendera vya sala, vya buluu, vyeupe, vyekundu, kijani na njano, vikipigwapigwa, na kando yake kibanda cha mawe kinachouza chai.

Mimi na mwenzangu wa Marangu tulikumbatiana kama tunavyofanya Uhuru, na nikausikia mwili ukilegea. Kila kiongozi analijua lile legeo: mteja akishapiga picha kwenye ubao, akili inakwenda likizo. Dai hakukumbatia mtu. Alipiga goti kwenye theluji mbele ya muuguzi wetu, akamfungua kamba za viatu, akazivuta upya kuanzia vidoleni, akazikaza zaidi kwenye kifundo ili mguu usiteleze mbele na kucha zisigonge. Kisha akaja kwangu. Mimi, kiongozi wa Kilimanjaro, nilifungwa kamba za viatu kama mtoto wa chekechea, naye akasema, "Sasa tumefika nusu."

Nusu ya pili ni mteremko wa mita 1,600 hivi. Changarawe inakimbia chini ya soli, kivulini kuna barafu iliyong'aa, na magoti yanabeba kila kitu ambacho mapafu yalikibeba asubuhi. Upepo ulitukuta huko. Mbele yetu Dhaulagiri, mita 8,167, na chini yake nchi ya kahawia isiyo na mti, kwa kuwa milima yenyewe huzuia mvua isifike. Muuguzi alishuka kimgongomgongo kwa kipande kirefu, akishikilia fimbo zake. Alasiri tukaingia Muktinath, mahali patakatifu kwa Wahindu na Wabuddha, ambako mifereji 108 humwaga maji ya baridi kali. Kina mama wazee waliokuja kwa jeep kutoka upande wa Jomsom walikuwa wakipita chini ya mifereji ile mmoja baada ya mwingine, wakitetemeka na kutabasamu.

Tarehe 14 Oktoba 2014, mabaki ya kimbunga Hudhud yaliyotoka Ghuba ya Bengal yalimwaga theluji nzito juu ya milima ile. Zaidi ya watu 40 walikufa katika eneo la Annapurna na Dhaulagiri, wageni na wenyeji, wakiwamo wengi wa Thorong La. Wapo waliokuwa wameshafika juu. Walipita vile vibendera, walitoka kwenye kile kibanda cha chai, wakapotelea kwenye mteremko ule tulioushuka sisi, njia ikiwa imefunikwa. Tulimpigia Dai simu. Alikuwa salama, lakini kati ya waliokufa walikuwamo vijana aliowafahamu.

Habari ile ilinibadilisha kuliko safari yenyewe. Nilianza kupitia kumbukumbu za wateja wangu waliowahi kuanguka, na karibu wote walianguka wakishuka.

Njia nayo imebadilika. Siku hizi jeep hupanda kutoka Besisahar hadi Manang, na wapo wageni wanaosikitika kwamba barabara imeharibu uzuri. Mimi sisikitiki. Mama mwenye uchungu wa uzazi Manang ana haki ya gari kama mama wa Machame, na matufaa ya kule yanastahili kufika sokoni kabla hayajaoza. Kinachonitia hofu ni mgeni anayepaa kwa gari kutoka mita 760 hadi zaidi ya 3,500 katika siku moja au mbili, kisha akatazama kipito na kuona kiko karibu. Tangu Aprili 2023 serikali ya Nepal imeagiza wageni wawe na kiongozi. Nimefurahi, kwa ajili ya wageni na kwa ajili ya kina Dai.

Sasa nikiwa kambi ya Barafu, Kilimanjaro, jioni kabla ya usiku wa kilele, siwaelezi wateja habari za Uhuru kwanza. Nawaeleza Mweka: kwamba kutoka kileleni hadi kambi ile kuna karibu mita 2,800 za kushuka, siku hiyohiyo, kwa miguu hiyohiyo. Saa ya kugeuka tunaipanga hapohapo, watu wakiwa bado na akili timamu, na nikishaitaja siibadilishi njiani hata mteja akilia. Ukingoni mwa kasoko napiga goti na kukaza kamba za viatu vya kila mmoja. Wengine huona aibu, nami huwaambia wavumilie, ni dakika moja tu.