Keko, Mji Mkongwe na Kabati la Baba Mkwe

Ukitaka kujua Dar es Salaam inalala juu ya nini na inakula juu ya nini, nenda Keko. Siyo kwenye maduka ya vioo, maana huko utakuta kitu kimeshang'aa na bei imeshapambwa. Nenda Keko kwenyewe, ambako vitanda vya tano kwa sita vimesimamishwa kando ya barabara kama abiria wanaosubiri daladala, mashine za kuranda zinapiga kelele tangu asubuhi, na vumbi la mbao linaganda kwenye losheni uliyojipaka ukitoka nyumbani. Vaa viatu vya chini, dada yangu. Na ukiitwa "shemeji" na vijana kumi kabla hujafika unakokwenda, cheka tu uendelee, ndiyo salamu ya pale.

Wengi wanakwenda Keko kuagiza kitu kipya. Sisi tulikwenda na kitu cha zamani, kabati la vyombo lililofungwa kamba nyuma ya Kirikuu. Unalijua kabati hilo hata kama hujawahi kuliona: milango miwili ya mbao chini, droo tatu katikati, vioo vya kusukuma juu, na rangi ya kahawia iliyoiva mpaka inakaribia weusi. Sebule nyingi za miaka ya themanini zilikuwa nalo, limejaa vikombe vya wageni ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kuvinywea.

Hili lilikuwa la baba mkwe, marehemu. Lilitufikia kutoka Tabora, na tangu siku lilipoingia ndani ya nyumba yetu ya kupanga pale Sinza, sebule ikageuka chumba cha giza. Mimi nilitaka lipakwe rangi nyeupe, lote, juu mpaka chini. Mwenzangu hakutaka liguswe. Hakueleza sababu, alisema tu, "Kabati la mzee liache." Wanawake wenzangu mnajua, mwanaume akitamka sentensi fupi namna hiyo, huwa hakuna kikao cha pili. Tukakaa wiki tatu hatulizungumzii kabati. Wiki ya nne nikagundua kwamba hata mambo mengine hatuzungumzi sana. Ndipo tukakubaliana angalau lipelekwe kwa fundi, atazamwe mtu wa tatu atasema nini.

Fundi tuliyeelekezwa ni mzee wa miaka sitini na ushee, karakana yake iko nyuma, mbali kidogo na barabara. Tulimwamkia, akaitikia marahaba yake taratibu huku macho yako kwenye kabati. Hakuuliza tunataka rangi gani. Alichomoa droo, akaigeuza, akakwangua kidogo chini yake kwa kisu, kisha akanusa.

"Huu mninga," akasema. "Kawatuma nani kuufunika?"

Mume wangu ndiye aliyejibu, na hakumjibu fundi, alinijibu mimi. Kwamba mzee alikuwa mfanyakazi wa reli. Kwamba vitu vingi vya ndani walivyokuwa navyo utotoni ama vilikuwa vya kuazima au vilikuwa vya kwenye nyumba ya kazini. Kabati hili ndilo lililokuwa la kwanza kuwa lake mwenyewe, alilichongesha kwa fundi wa mtaani na kulilipa kidogo kidogo kwa mwaka mzima, na siku lilipoletwa watoto walikatazwa kuliegemea. Miaka sita ya ndoa, sikuwahi kuyasikia hayo! Fundi akawa anatafuta miwani yake, ambayo nilikuwa naiona iko kichwani.

Niseme kidogo kuhusu mninga, maana vijana wa mjini tunaujua kwa bei tu. Ni mti wa misitu ya miombo, na Tabora ni moja ya sehemu zinazosifika kwa mti huo. Unakua polepole mno, inachukua miongo mingi kufikia unene wa kutoa mbao. Mbao yake haichezi sana, yaani haivimbi na kusinyaa hovyo hewa inapobadilika, ndiyo maana droo ya mninga iliyochongwa vizuri inaweza kuteleza vilevile baada ya miaka arobaini. Linganisha na yale makabati ya MDF tunayonunua kwa mbwembwe: likimwagikiwa maji pembeni mara mbili linavimba kama andazi.

Basi mzee akachukua chaki. Sehemu ya juu, droo na milango akaacha. Mbavu zilizopauka kwa kupigwa na jua la dirishani, akaweka alama. Fremu yenye mabaka, alama. Miguu na ubao wa chini ulioliwa na maji ya deki miaka yote hiyo, alama. "Palipochoka tupake rangi. Palipo hai tupaache na vanishi yake ya kale, tupasafishe tu." Mimi nililipenda wazo palepale. Mwenzangu akaomba tukafikirie.

Tulikwenda kufikiria Unguja. Kulikuwa na harusi ya rafiki, tukapanda boti ya asubuhi, safari ya kama saa mbili, tukafikia kwenye nyumba ya wageni ndani ya Mji Mkongwe. Ukiwa na kabati kichwani, Mji Mkongwe unaanza kuuona kwa jicho jingine. UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na tangu 1985 kuna mamlaka yake maalumu ya hifadhi. Watalii wanapiga picha milango iliyochongwa, ya msaji uliotoka India na mingine ya mfenesi. Sisi tulijikuta tunatazama vitu ambavyo watu wanavipita: mlango umeachwa na rangi ya mbao yake, unapakwa mafuta tu, lakini madirisha ya nyumba hiyohiyo yamepakwa kijani au buluu. Hakuna aliyeona ajabu. Mbao na rangi zinaishi ukuta mmoja.

Ila kilichomaliza maneno kilikuwa chumbani kwetu. Tulipewa chumba chenye samadari, kile kitanda kirefu cha nguzo nne ambacho bibi harusi wa Pwani alikuwa akikipanda kwa kistuli. Nguzo zake zilikuwa na pete za nyekundu, nyeusi na dhahabu, na katikati ya pete hizo mbao imeachwa wazi. Bi mkubwa mwenye nyumba alipotuona tunakipapasa kitanda mchana kweupe alicheka sana, kisha akakaa kutueleza. Ufundi wa aina ile una mizizi yake India. Nguzo inazungushwa kwenye kerezo, fundi anakandamiza kijiti cha lakiri yenye rangi, joto la msuguano linaiyeyusha na rangi inashika humohumo kwenye mbao. Mpaka leo kule Gujarat mji wa Sankheda unajulikana kwa fanicha za kukereza zenye rangi za namna hiyo. Pete mbili za nguzo ya miguuni zilikuwa zimebanduka, naye aliita fundi azirudishie rangi pete hizo mbili tu.

"Na pengine pote, bi mkubwa?" nikamuuliza.

"Pengine pote pana ubaya gani, mwanangu?"

Usiku ule mume wangu, akiwa amelala chali anatazama nguzo, akasema, "Kumbe rangi na mbao wanalala kitanda kimoja siku zote." Nikajua kabati limepata hukumu yake.

Hapa niweke tahadhari moja. Kesho yake tulipita kwenye duka la vitu vya kale tukaona makasha, yale masanduku makubwa yenye nakshi za misumari ya shaba. Usije ukaligusa kasha la namna hiyo kwa brashi ya rangi, hata miguu yake. Vilevile kiti cha enzi au kitu chochote chenye nakshi ya kuchonga au njumu. Hivyo vinafutwa vumbi na kuachwa na uzee wao, na ukivipaka umekula thamani yake. Mimi nasema hata mninga usio na kovu lolote hauhitaji rangi, eti kwa sababu rafiki yako kapaka wa kwake. Rangi ni dawa, na dawa anapewa mgonjwa.

Tuliporudi Dar nilichukua likizo ya siku nne nikashinda Keko, maana nilitaka kuona. Siku ya kwanza hakuna rangi iliyofunguliwa. Kabati liliogeshwa kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, likakaushwa, mafuta ya jikoni ya miaka yote yakatoka meusi. Fundi akagonga kila kiungo, vilivyolegea akavitia gundi na kuvibana. Akatafuta matundu ya bungua, na palipokuwa na tundu akatazama kama kuna unga mpya unaodondoka, kwa sababu unga mpya maana yake mdudu bado yumo ndani na hakuna rangi itakayomzuia. Kisha akajaribu vanishi mahali pa mafichoni: akagusa kwa pamba yenye spiriti. Ikilainika, ni polishi ya shelaki. Isipolainika, anagusa na tina. Ikigoma kote kuwili, basi ni vanishi ya mafuta. Ukishajua ni ipi ndipo unajua utasafishia nini bila kuichuna.

Siku ya pili ilikuwa ya msasa, na sehemu zenye chaki peke yake. Namba 120, halafu 180, kufuata mkondo wa mbao, mpaka mng'ao uondoke. (Kama fanicha yako ilishawahi kupakwa rangi ya mafuta zamani, usiisugue kavu. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Isugue ikiwa imeloweshwa, vaa barakoa, na mama mjamzito na watoto wawe mbali.) Baada ya hapo likaja jambo ambalo mafundi wa haraka hulikwepa: koti la shelaki kabla ya rangi. Mninga na ile rangi ya kahawia iliyopakwa zamani vina tabia ya kupenya juu, na usipoziba, krimu yako itatoa madoa ya waridi wiki mbili baadaye, utadhani kabati lina surua.

Mpaka kati ya rangi na mbao ndiyo sehemu yenye sanaa yake. Fundi hakuuweka katikati ya ubao hata mara moja. Kila mpaka ulifuata kiungo, pale ambapo ubao mmoja unakutana na mwingine, kwa hiyo jicho halioni kwamba kuna kitu kimekatwa. Alibandika tepu ya karatasi, akakandamiza ukingo kwa ukucha, akapaka makoti mawili membamba kwa brashi na kuyapa siku moja katikati. Wakati wa masika ungesubiri zaidi, hewa ya Dar ikiwa na maji rangi hainyauki. Tepu ilitoka kabla rangi haijawa ngumu kabisa.

Rangi? Hapo tuligombana tena kidogo, lakini ugomvi wa kucheka. Nyeupe kali pembeni ya mninga inapiga kelele, nilikubali nilipoiona kwenye kipande cha jaribio. Tulichukua kijani iliyofifia, kama majani ya mchaichai yaliyokauka. Wekundu wa mninga ukaamka.

Droo na milango hazikuchunwa. Zilifutwa kwa tapentaini na pamba laini ya chuma, kisha zikasuguliwa kwa nta ya nyuki iliyoyeyushiwa kwenye tapentaini, kwa mkono, kitambaa cha fulana. Alama ya duara ya sufuria ya moto pale juu ilibaki. Fundi aliniuliza kama aiondoe, nikamtazama mume wangu, akatikisa kichwa. Gharama yote, pamoja na Kirikuu kwenda na kurudi, haikufika robo ya bei ya kabati jipya la mninga la ukubwa huo. Tulisubiri wiki mbili zaidi kabla ya kurudisha vyombo ndani, rangi ikomae.

Mama mkwe alikuja mwezi uliofuata. Hatukuwa tumemwambia kitu, na nakiri siku ile mchuzi wangu niliuonja mara tano. Aliingia, akaweka mkoba, akalisogelea. Alivuta droo ya katikati, ikateleza kama kawaida yake. Akaisukuma. Akapitisha kiganja juu ya ile alama ya sufuria, kisha kwenye ubavu wa kijani, akauliza, "Hii ya juu mmeipaka nini, mbona inanukia asali?"

Nikamletea kopo la nta. Aliposikia imetoka Tabora alicheka mpaka akakaa. Alipoondoka Jumapili alibeba nusu yake kwenye chupa ya jamu, kwa ajili ya kitanda chake.