Daftari la Ziara ya Jipe

Daftari hilo ninalo hadi leo. Jalada lake la kijani limechakaa pembeni, na ukurasa wa kwanza una maswali arobaini niliyoyapanga kwa rula. Swali la saba linasema: "Wapare waliamini nini kuhusu mambo yajayo?" Nililiandika mwaka 1994, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa dini na falsafa, usiku wa kuamkia ziara yangu ya kwanza ya mafunzo.

Sikuona kasoro katika swali lile. Mimi ni mzaliwa wa Ugweno, hukohuko Upare. Nimekua nikilitazama Ziwa Jipe kutoka mlimani, liking'aa bondeni kama sinia lililoanikwa juani, na ng'ambo yake nyika ya Tsavo upande wa Kenya. Bibi yangu alikuwa hai, akimwomba Mungu kila alfajiri kwa Kigweno. Hata hivyo niliandika "waliamini", kana kwamba yeye na imani yake walikwisha kuzikwa.

Darasani tulikuwa tunamsoma John Mbiti, Mkenya aliyefundisha Makerere, na kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Ndani ya kitabu hicho cha Kiingereza alikuwa ameweka maneno mawili ya kwetu, Sasa na Zamani. Alisema kwamba katika fikra za Kiafrika wakati hurudi nyuma kuelekea Zamani, na kwamba mambo ya mbali yajayo karibu hayapo, kwa sababu hayajatokea. Bwenini tulibishana juu ya hoja hiyo hadi usiku wa manane. Ndiyo maana swali la saba lilikuwa langu, na nililibeba kama mtu anayekwenda kuamua kesi.

Ziara yenyewe ilikuwa ya siku mbili. Siku ya kwanza tulipanda hadi Giti, milima ya Upare wa Kusini, mahali Waadventista walipoanza kazi yao mwaka 1903. Siku ya pili basi likazunguka milima ya kaskazini, likaacha lami, likatushusha Jipe. Tulikuwa tumevaa tai. Tukamkuta mzee mmoja chini ya mgunga, ameutandaza wavu mapajani, anashona tundu kwa uzi wa nailoni. Kila fundo alilikaza kwa meno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni kivulini."

Nikamsomea maswali moja baada ya jingine, naye akanijibu bila kuacha kushona. Nilipofika la saba, aliuweka wavu chini. Akanyoosha mkono kuelekea matete yaliyosimama majini.

"Pale hatutegi. Vifaranga vya perege hukulia pale. Mimi nilikatazwa na babu, naye alikatazwa na babu yake. Wale ni samaki wa watu ambao hawajapewa majina."

Mimi nikaandika: "Walihifadhi mazalia ya samaki." Nikaenda swali la nane.

Tulipokuwa tunaaga, akauliza: "Haya mnayoyaandika, mtayarudisha lini na sisi tuyasikie?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Dereva akapiga honi. Ripoti yetu ilipata alama nzuri, ikawekwa kabatini, na Jipe hakuna aliyeiona.

Miaka ikapita, nami nikawa mwalimu. Nilipokuwa naandaa somo la falsafa ya Afrika ndipo nilipomsoma kwa makini Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kuanzia miaka ya 1970 yeye na wenzake walikwenda vijijini kuwatafuta watu wenye hekima, wakawahoji, wakarekodi hoja zao, na mwaka 1990 akazichapisha pamoja na majina ya wenyewe. Aliwatenganisha wazee wanaoeleza mila kama walivyoipokea na wale wanaoipima, wakisema hapa iko sawa na hapa imekosea. Siku hiyo nilifungua tena daftari la kijani. Mzee yule alikuwa amemjibu Mbiti kwa sentensi moja, akauonesha wakati ujao kwa kidole, nami nikamgeuza kuwa desturi iliyopita.

Tangu hapo nilibadili ziara. Maswali arobaini yakawa matatu. Siku mbili zikawa tano, na wanafunzi wakalala majumbani mwa watu. Nyumba nyingi za kwetu zina Mwislamu na Mkristo wa tumbo moja, kwa hiyo mwanafunzi wa Kiislamu na wa Kilutheri walikaa kwenye mkeka mmoja wakaona jinsi ndugu wanavyogawana sikukuu. Tukaanza pia kukaa na akina mama jikoni, jambo ambalo mwaka 1994 halikutujia akilini. Huko ndiko tulikosimuliwa habari za mbiru, kodi ambayo Wapare waliikataa mwaka 1945, wanaume wakakusanyika Same na baadaye wanawake nao wakaandamana. Mwaka huohuo, huko Kongo, padri Placide Tempels alichapisha kitabu cha kuwathibitishia Wazungu kwamba Wabantu wana falsafa. Siku hizi nafundisha mambo hayo mawili katika kipindi kimoja.

Badiliko kubwa zaidi ni la kurudi. Kila mwaka tunapeleka ripoti ya mwaka uliotangulia, kwa Kiswahili, na mwanafunzi anaisoma kwa sauti mbele ya wenyeji. Mara ya kwanza yule mzee alikuwa ameshafariki. Binti yake, naye sasa ana wajukuu, alikaa mstari wa mbele. Mwanafunzi aliposoma, "Wapare waliamini kwamba...", mama yule akainua mkono.

"Mwalimu, nani huyo aliyeamini kisha akaacha? Mimi si niko hapa?"

Mwanafunzi akakata neno kwa kalamu, akaandika "tunaamini", akarudia kusoma tangu mwanzo wa aya. Nilihisi koo linanikaba, kwa maana kosa lile nililianza mimi.

Leo hofu yangu iko kwenye ziwa. Udongo wa mashamba ya milimani unateremka kila masika, magugu yanajaza maji ambayo tangu hapo ni ya kina kifupi, na wavuvi wanafungua njia kwa panga ili mtumbwi upite. Jipe ina perege wake, ambao wataalamu wamewapa jina la ziwa hili. Kwa hiyo wanafunzi wangu hawaruhusiwi tena kujadili wakati ujao kama fumbo la darasani. Wanateremka majini hadi magotini, na mvuvi anawaonesha ukingo wa maji ulipokuwa alipokuwa mtoto.

Katika ziara iliyopita nilimpelekea mama yule daftari la kijani. Nilimsomea swali la saba na maneno ya baba yake, safari hii bila kuyafupisha. Alinyamaza kidogo. Kisha akaniomba nimwandikie maneno hayo kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, wajukuu wake wayasome.