Waja Leo, Waondoka Leo

Nilinunua Subaru Forester kwa sababu ya mlima. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mke wangu, na nusu yake ilikuwa kweli. Mama anaishi huko juu, karibu na Amani, na ile barabara ya udongo inayopanda kutoka Muheza, masika ikishika, utadhani imepakwa samli. Nusu ya pili ilikuwa turbo.

Kwa wasio watu wa magari: moshi wa injini, badala ya kwenda zake bure, unazungusha feni ndogo inayosukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Hewa ikizidi, mafuta nayo yanazidi, nguvu inapatikana. Ila haiji papo hapo. Unakanyaga, gari linakaa kama linafikiri, mshale unakaribia 3,000, halafu mgongo unabanwa kwenye kiti. Aisee, mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama mwehu, pale mbele ya Pongwe.

Raha hiyo ina bili yake. Langu linakwenda kilomita 7 au 8 kwa lita moja, likibembelezwa. Oili nabadilisha kila kilomita 5,000, wala sisubiri. Ukitoka mbio huzimi injini hapo hapo. Unaiacha iungurume kidogo turbo ipoe. Na mbio zenyewe za wapi? Tanga mpaka Muheza ni vijiji, vibao vya 50 na trafiki na tochi zao. Turbo kazi yake hasa ni kulipita Fuso lililosheheni machungwa, basi.

Mlimani ni habari nyingine. Magurudumu yote manne yanavuta muda wote, hakuna gia ya kubadilisha. Tairi moja likiteleza, mengine yanashika. Nimepita mahali ambapo bodaboda wameshuka wanasukuma, nikawapungia mkono kwa majivuno ambayo leo nayaonea haya.

Zamani nilikwenda kwa Mama kwa basi. Lilipanda alasiri na kushuka alfajiri, kwa hiyo kulala kwake hakukuwa uamuzi wangu. Nilikwenda mara mbili kwa mwaka, lakini nililala. Nilipopata gari nikawa nakwenda kila mwezi. Nafika saa nne, nashusha mchele na samaki, nakula, nanyanyuka saa tisa kabla ukungu haujashuka. Mama ananifungia iliki na mdalasini, gari linanukia mpaka nyumbani. Nilijiona mtoto mwema kweli kweli.

Siku moja akanisindikiza mpaka mlangoni mwa gari, akasema, "Baba, siku hizi umekuwa Tanga yenyewe. Waja leo, waondoka leo."

Nikacheka. Ni utani wa kila mtu wa kwetu. Lakini nilipofika kwenye kona za chini nikagundua kwamba yeye hakuwa amecheka.

Aprili iliyofuata, katikati ya mlima, nikasikia "pwaa!" Gari likalegea, moshi mweusi nyuma. Paipu inayopeleka hewa ya turbo kwenye injini ilikuwa imechomoka. Likaendelea kutambaa, zito kama gari la mkonge, magurudumu manne yakishika tope vilevile. Nilifika kwa Mama saa kumi na mbili jioni, nimelowa na nimenuna.

Usiku ule alinipikia ndizi kwa maharage. Mvua ilipiga bati mpaka tukawa tunasemeshana kwa sauti kubwa. Ndipo nilipomwona akipapasa ukuta kwenda chumbani, mkono mmoja mbele, katika nyumba aliyoishi miaka arobaini.

"Mama, macho?"

"Mchana naona vizuri. Usiku ndio yananisumbua. Mwaka wa pili huu."

Mwaka wa pili. Nilihesabu kimoyomoyo: mara ishirini na kitu nimekuja, zote mchana.

Asubuhi fundi wa pale kijijini alirudisha paipu, akakaza klampu kwa bisibisi. Dakika kumi, labda pungufu. Jana yake ningeweza kuifanya mwenyewe pale njiani, kama ningefungua boneti badala ya kulaani. Nashukuru sikufungua.

Tulishuka pamoja, Mama mbele, mkoba wake mapajani, kwenda kuonana na daktari wa macho Tanga. Sikukanyaga. Turbo haikuamka hata mara moja mpaka Muheza. Kila kona aliuliza tumefika wapi, nami nikamtajia, ingawa ilikuwa mchana na yeye alisema mchana anaona vizuri.

Bado nalipenda gari langu, sitaki kusema uongo. Ila siku hizi nyuma, pembeni ya jeki, kuna begi lenye msuli na mswaki.